Tanga hadi Cape Town kwa reli: namna ya kuipanga safari bila kukwama njiani

Reli ya kwanza Tanganyika ilianza kujengwa hapahapa Tanga mwaka 1893, lakini anayetaka kwenda Cape Town kwa treni hawezi kuianzia hapa. Sababu ni upana wa njia. Reli ya Tanga ina upana wa milimita 1,000, sawa na Reli ya Kati ya zamani. SGR, reli mpya ya kisasa, ina milimita 1,435. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067, na upana huo ndio wa Zambia, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Behewa la njia moja halipiti kwenye njia nyingine. Ndiyo maana safari inaanzia stesheni ya TAZARA, Dar es Salaam, na kutoka pale chuma kimeungana mpaka Cape Town.

Chuma kimeungana, treni za abiria hazijaungana. Katikati kuna vipande virefu vya kupanda basi, na watu wengi hukwama kwa sababu wamepanga kama vile ni treni moja ndefu. Panga hivi: tafuta kwanza treni zilizo adimu, zishike hizo ziwe nguzo za kalenda yako, kisha mabasi yajaze nafasi iliyobaki. Basi lipo kila siku. Treni ikikupita unaweza kusubiri wiki.

Kwanza hakikisha treni ipo

TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa utaratibu wake wa miaka mingi kuna treni mbili za abiria kwa wiki kutoka kila upande: ya haraka, Mukuba, na ya kawaida, Kilimanjaro, inayosimama stesheni nyingi zaidi. Huo ni utaratibu wa kwenye karatasi. Vichwa vya treni vikipungua, au njia ikiwa kwenye matengenezo, huduma husimama kwa wiki au miezi, na kuna vipindi ambavyo treni haivuki mpaka kabisa: ya Dar inaishia Mbeya na ya Zambia inabaki Zambia.

Kwa hiyo, kabla hujaomba likizo, piga simu stesheni ya TAZARA au mtume ndugu aliyeko Dar aende dirishani. Maswali ni matatu. Treni inavuka mpaka au inaishia wapi? Iliyoondoka wiki iliyopita ilifika Kapiri Mposhi siku gani, saa ngapi? Daraja la kwanza limebaki vitanda vingapi? La kwanza na la tatu karani atakujibu kwa kuangalia daftari. La pili ndilo la thamani, maana ratiba inasema siku mbili, na treni iliyofika juzi ndiyo inayokuambia ni siku mbili au tatu.

Nguzo ya pili ni treni ya Johannesburg kwenda Cape Town, inayojulikana kwa jina la Shosholoza Meyl. Nayo katika miaka ya karibuni imekuwa ikitembea kwa nadra, na kuna nyakati ilisimama. Uliza hiyo pia mapema. Ikiwa zote mbili hazitembei, hiyo ni safari ya basi, na ni heri kuahirisha kuliko kukaa kwenye kiti cha basi kilomita elfu kadhaa ukijiambia uko kwenye treni.

Kalenda

Chukua mfano wa treni inayoondoka Dar siku ya Ijumaa alasiri. Alhamisi unatoka Tanga na kulala Dar. Kwa ratiba unafika Kapiri Mposhi Jumapili, ila wewe andika Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo unashuka Lusaka kwa basi. Jumanne, Lusaka hadi Livingstone. Jumatano unavuka mto Zambezi kuingia Zimbabwe na kwenda Bulawayo. Alhamisi unapumzika mchana na kupanda basi la usiku la Johannesburg, unafika Ijumaa. Treni yoyote ya Cape Town kuanzia Jumamosi unaweza kuikatia tiketi. Ya Ijumaa yenyewe iache.

Siku ile moja ya ziada iweke baada ya TAZARA, usiiweke mwishoni mwa safari. Ukiiweka mwishoni haikusaidii, kwa sababu utakuwa umeshakosa lile basi la katikati ulilokwishalipia.

Msimu nao una neno. Novemba hadi Aprili mvua hukata njia, hasa sehemu ya milima kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kwa madaraja na mahandaki na udongo huporomoka. Juni hadi Agosti njia ni kavu, ila baridi yake mtu wa pwani hajaizoea, na Cape Town huo ndio wakati wa mvua. Mei na Septemba ni miezi mizuri.

Karatasi

Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, Zimbabwe wala Afrika Kusini kwa matembezi. Afrika Kusini hukuruhusu hadi siku 90 kwa mwaka. Lakini siku utakazopewa ni zile zilizoandikwa kwenye muhuri, na ofisa anaweza kukuandikia pungufu, kwa hiyo soma muhuri hapohapo dirishani kabla hujaondoka. Kuzidisha siku Afrika Kusini hakuishii kwenye faini: ukizidisha hadi siku 30 unaweza kufungiwa kuingia kwa miezi 12, na zaidi ya hapo miaka mitano.

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake. Kisha hesabu kurasa. Kwenda peke yake ni mihuri sita: kutoka Tanzania, kuingia na kutoka Zambia, kuingia na kutoka Zimbabwe, kuingia Afrika Kusini. Kurudi sita mingine. Maofisa hawabani mihuri, wengine hupiga katikati ya ukurasa mtupu kana kwamba kitabu ni chao. Kurasa nne tupu ndizo salama. Kwa wa Tanga, fomu ya pasipoti hujazwa mtandaoni kisha unaenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Usianze mwezi ule ule wa safari.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuvuka mpaka wa kwanza, kwa sababu cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi. Kadi hiyo ya njano sasa ni ya maisha, haina haja ya kurudiwa kila miaka kumi. Kwa Tanga uliza ofisi ya afya ya bandari. Unaposafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja hayupo safarini, barua ya ridhaa yake pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Mkanganyiko wa mtoto na jina la ukoo ndio unaochelewesha familia nyingi Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini.

Tiketi na chumba

Daraja la kwanza la TAZARA ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita, halafu kuna viti. Kwa safari ya siku mbili hadi tatu, usikate kiti kwa kubana matumizi; afadhali upunguze siku za hoteli Cape Town.

Wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja. Mke na mume wakikata tiketi mbili za daraja la kwanza watatenganishwa, isipokuwa wanunue chumba kizima, yaani vitanda vyote vinne. Familia ya watu wanne imeshafika hapo bila kujisumbua. Ukiwa peke yako omba kitanda cha juu: cha chini mchana ni kiti cha wote, na mwenzako akiamka saa kumi na moja alfajiri kunywa chai, wewe umeshaamshwa.

Saa kwenye tiketi ni ya saa 24, na hapa ndipo hata waliozoea husafiri vibaya. Toa sita upate saa yetu: 15:50 ni saa tisa na dakika hamsini alasiri. Ukivuka Tunduma, rudisha saa nyuma kwa saa moja nzima. Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini zote ziko kwenye saa hiyo, kwa hiyo unarekebisha mara moja tu. Simu isiyo na laini ya kule inaweza isijirekebishe yenyewe.

Kutoka Kange hadi TAZARA

Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze. Basi la asubuhi kutoka stendi ya Kange linakufikisha Dar mchana, foleni ikiruhusu, na kwa sababu hairuhusu kila siku, toka siku moja kabla. Mabasi yanashusha stendi ya Magufuli, Mbezi. Kutoka pale shuka Ubungo, kisha daladala za Barabara ya Mandela zinazopita Tabata na Buguruni hadi makutano ya TAZARA. Stesheni iko palepale. Usimwambie dereva wa bajaji "stesheni ya treni" peke yake. Atakupeleka mjini, kwenye SGR au Reli ya Kati. Mwambie TAZARA, Barabara ya Nyerere.

Lala gesti ya Buguruni au Tazara penyewe, siku ya safari uwe stesheni saa mbili kabla ya treni kuondoka. Muda huo unatumika kupima mzigo na kuthibitisha jina lako kwenye orodha ya behewa.

Mzigo wa ndani ya chumba

Maji ndiyo ya kwanza. Hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupiga mswaki. Kwa siku mbili ni lita sita, ongeza tatu za kuchelewa. Ya bomba la behewa huisha, kwa kawaida usiku wa kwanza, na yakiisha choo kinakuwa cha kuvumilia. Dumu la lita tano la maji ya kunawa si mzigo wa kujutia. Karatasi za chooni na sabuni beba zako.

Chakula kipo. Behewa la chakula hupika wali, ugali, kuku, nyama, na bei zake ni za kawaida, ila treni ikichelewa siku nzima vitu huanza kupungua: kwanza soda baridi, halafu kuku. Ukifika Mlimba au Makambako, wauzaji huja dirishani na ndizi, mahindi ya kuchemsha na viazi. Beba vitu visivyoharibika: korosho, kashata, visheti, mkate mkavu, majani ya chai na sukari. Samaki wa kukaanga wa Deep Sea, hapa Tanga, ni mtamu, lakini siku ya pili kwenye chumba cha watu wanne utatafutiwa lawama. Machungwa ya Muheza yachukue, ila yamalizike kabla ya Tunduma, kwa sababu matunda mabichi yanaweza kuzuiwa mpakani.

Baridi. Mtu wa Tanga hufungasha kanga na fulana, kisha usiku wa kwanza treni inapanda nyanda za juu. Sehemu ya juu kabisa ya reli hii ni Uyole, karibu na Mbeya, kama mita 1,790 kutoka usawa wa bahari. Sweta, soksi na blanketi jepesi viwe juu ya begi, visiwe chini yake, maana utavitafuta gizani. Johannesburg mwezi wa Juni ni baridi zaidi ya hapo.

Dirisha la chumba lina tatizo lake: kwenye mabehewa ya zamani kitasa hulegea, na mtu aliyesimama nje anaweza kulisukuma likafunguka treni ikiwa imesimama stesheni usiku. Dawa ni kipande cha mti cha sentimita 30 hivi, kikibanwa kati ya fremu ya juu na kioo. Mhudumu wa behewa mara nyingine anacho. Beba chako, pamoja na kisu kidogo cha kukipunguza kikizidi urefu. Mlango funga kwa ndani, na begi dogo lenye pasipoti na pesa liwe upande wa ukutani, kichwani. Simu usiiche inachaji korido. Soketi ikikosekana, pawabenki ya miliampia-saa 20,000 inatosha simu moja hadi Kapiri.

Treni ikiwa imeondoka kwa wakati, jioni ile ya kwanza huenda mkapita pembeni mwa Hifadhi ya Nyerere kabla giza halijaingia. Twiga na swala huonekana bila kiingilio. Ikichelewa kutoka, mnapita usiku na hakuna cha kurudishiwa.

Mpaka: Tunduma na Nakonde

Maofisa wa Uhamiaji wa nchi zote mbili hupanda ndani ya treni. Unachotakiwa ni kubaki chumbani kwako na kuwa macho. Kinachoharibika ni hiki: treni imechelewa, mpaka unafikiwa usiku wa manane, abiria amelala kitanda cha juu, ofisa wa kwanza anapita, wa pili anapita, na asubuhi pasipoti ina muhuri mmoja. Unahitaji miwili, wa kutoka Tanzania na wa kuingia Zambia. Ukikosa wa Tanzania utajieleza siku ya kurudi. Ukikosa wa Zambia utajieleza Livingstone, na pale ni kujieleza kwa faini. Mwombe mhudumu wa behewa akuamshe, na uthibitishe mihuri kabla treni haijaondoka Nakonde.

Wabadilisha fedha nao hupanda. Badilisha kiasi cha kukufikisha Lusaka tu: chakula, basi na usiku mmoja. Angalia kiwango cha siku ile kwenye simu ukiwa bado na mtandao wa nyumbani. Hesabu kwacha kabla hujatoa shilingi zako, na noti zikishahesabiwa zisirudi mkononi mwake "kuongezea moja". Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, kwa hiyo noti ya maelfu unayopewa kwa tabasamu ni karatasi. Noti za muundo mpya zilianza kutoka 2025, omba hizo.

Ikiwa treni inaishia Mbeya, safari haijafa. Shuka, panda basi la Tunduma, kama kilomita 100 na ushee, vuka kwa miguu, kisha Nakonde panda basi la Lusaka, karibu kilomita 1,000. Usifanye vipande hivyo vyote kwa siku moja. Lala Tunduma, vuka asubuhi.

Kapiri Mposhi hadi Johannesburg

Kapiri ni mji mdogo, na stesheni ya TAZARA iko peke yake nje kidogo. Treni ikifika mchana, mabasi na teksi za Lusaka huwa zinasubiri. Ni kama kilomita 200. Ikifika usiku, baki stesheni na abiria wenzako mpaka kuche. Zambia ina treni yake kuelekea Livingstone lakini hata inapotembea ni ya polepole mno kulinganisha na basi. Kwa kipande hiki basi ndilo chaguo.

Kutoka Livingstone mjini hadi mpakani ni kama kilomita 10 kwa teksi. Daraja la Victoria Falls, lililofunguliwa 1905, unaweza kulivuka kwa miguu, na reli uliyoiacha Kapiri inapita juu yake pembeni yako. Koti la mvua lisiwe mbali, rasharasha za maporomoko hulowesha hadi daftari. Upande wa Zimbabwe dola za Marekani ndizo zinazotembea madukani pamoja na ZiG, sarafu iliyoanzishwa Aprili 2024. Beba dola za noti ndogo, za moja, tano na kumi, safi, zisizochanika: chenji ni shida, na noti chakavu hukataliwa.

Treni ya usiku ya Victoria Falls hadi Bulawayo ilikuwa na sifa kubwa zamani. Ilisimama 2020, wakati wa korona, kwa hiyo panga basi. Bulawayo hadi Johannesburg pia ni basi, kupitia Beitbridge. Pale foleni huweza kula saa tano au zaidi wakati wa Pasaka na Desemba. Vijana watakaojitolea "kukusaidia" kuruka foleni waambie asante. Pasipoti isitoke mkononi mwako isipokuwa kwa ofisa aliye nyuma ya kioo, na uwe tayari kuonyesha tiketi ya kurudi au pesa za kujikimu.

Johannesburg hadi Cape Town

Mabasi na treni vyote viko Park Station, na ukifika usiku usitoke nje ya jengo kutafuta gesti kwa miguu. Njia ni kama kilomita 1,530, kupitia Kimberley, De Aar, Beaufort West na Worcester. Usiku mmoja na sehemu kubwa ya siku ya pili. Kata kitanda. Kwenye ramani usiku unaangukia tambarare kame ya Karoo, na asubuhi ya kuteremka kuelekea Worcester, kwenye milima na mashamba ya zabibu, ndiyo ya kukaa dirishani.

Kuna wanaouliza kuhusu Rovos Rail, treni ya kifahari inayotoka Cape Town hadi Dar bila kubadilisha. Ipo, ni ya wiki mbili hivi, na nauli yake inajenga nyumba Pongwe.

Kurudi

Usikate tiketi ya Kapiri Mposhi kwenda Dar ukiwa bado hujui utafika lini Lusaka. Ikate Lusaka au Kapiri, siku mbili tatu kabla. Kwenda Dar treni huweza kuingia usiku wa manane, wakati daladala zimekwisha, kwa hiyo basi la Tanga liwe la kesho yake mchana. Bidhaa za dukani ulizonunua zitenge na risiti zake kwenye mfuko mmoja, maana forodha ya Tunduma huuliza mzigo wa anayerudi kuliko wa anayetoka, na ukiwa na simu tatu mpya kwenye maboksi utaulizwa za nani.